Stendi Mbili za Roboti Moja

Bariadi,
17 Februari 2024

Ndugu yangu Doto,

Mwangaluka. Huku tu wazima. Mvua imenyesha vya kutosha na pamba ya baba kule Migato imepita magoti, ingawa mwenyewe anasema haijafika popote, kwa sababu tangu tumjue hajawahi kusifu pamba. Amenituma nikuulize kama bado uko hai. Nimemwambia Nassa siyo ng'ambo ya dunia, ni kushuka Lamadi tu na kuendelea, na mtu ambaye hapandi basi hilo ni kwamba hataki. Baba akacheka. Mimi sikucheka.

Nakuandikia karatasi kwa sababu simu yako siku hizi inapokelewa na mkeo peke yake. Kila nikipiga, Veronica ananiambia uko karakana na umesema vipimo siyo maneno ya simu, niandike. Haya, nimeandika. Tuna miaka arobaini na saba, Doto, na bado nakukimbiza kama wakati ule mama alipokuwa ananituma nikakulete uoge.

Jambo lenyewe ni hili. Unajua nafundisha fizikia, na unajua nina klabu ya wasichana wanaotengeneza roboti. Usifikirie mtu wa chuma. Ni kigari kidogo kinachoweza kukaa juu ya sahani, kina magurudumu mawili makubwa, moja dogo la nyuma, betri, nyaya, na kompyuta ya ukubwa wa kiberiti. Kinatakiwa kitembee chenyewe kati ya mistari miwili ya pamba bila kukanyaga mche. Kwa sasa kinachoweza ni kutembea chenyewe mpaka ukingoni mwa meza na kuanguka. Juzi kilianguka, mota ikafa. Tumefunga mota za akiba na nyingine hatuna. Mkuu wa shule amesema wazi kwamba maonyesho ya wilaya ni Julai. Kikitembea mbele ya wageni, chumba chetu kitabaki chetu. Kisipotembea, chumba kinarudi kuwa stoo ya majembe, na klabu ndiyo imekwisha. Wasichana hawa hawana mahali pengine.

Ninachotaka kwako ni stendi. Umeona baiskeli ikiwa imepigwa stendi, unazungusha pedali, gurudumu la nyuma linazunguka na baiskeli haiendi popote? Nataka hivyo hivyo. Roboti ilale tumbo juu ya kigogo, magurudumu yaning'inie hewani, sisi tuyajaribu tunavyotaka. Kigogo kiwe chembamba, kipite katikati ya magurudumu bila kuyagusa, na kiwe kirefu ili magurudumu yasifike chini. Juu yake weka vizuizi viwili vya kushikilia tumbo lisiteleze. Mchoro na vipimo viko nyuma ya karatasi hii. Kwa mtu aliyetengeneza milango ya nusu ya Nassa ni kazi ya asubuhi moja.

Usiongeze nakshi. Usiongeze droo. Nakujua.

Michembe ya viazi niliyoweka kwenye boksi ni mifuko miwili. Mmoja wako, na wa pili najua utasema nao ni wako, lakini mpe Veronica.

Ni mimi niliyekutangulia,
Kulwa


Nassa,
16 Machi 2024

Dada Kulwa,

Mwangaluka nawe. Mimi mzima. Veronica mzima. Watoto wazima. Ziwa limejaa, limeingia mpaka kwenye mpunga wa majirani. Michembe imefika na imekwisha.

Mwambie baba niko hai. Kazi ni nyingi.

Stendi hii hapa. Ni mninga mtupu. Nimetengeneza mbili, moja yako na moja yangu. Usianze kuniuliza yangu ni ya nini. Mama alipokununulia gauni, mimi nilipata shati. Ulipopata daftari nilipata daftari, na mimi daftari sikulipenda. Sisi ni mabasa. Kwa mapacha kitu hakiingii nyumbani kimoja.

Mchoro wako ni wa kuchorea sisimizi. Mwalimu mzima unachora hivyo. Siku nyingine chora kama mtu anayetaka kueleweka.

Dagaa ni wenu na baba. Veronica anasema wana mchanga. Mimi sijauona.

Doto


Bariadi,
30 Machi 2024

Ndugu yangu Doto,

Kesho ni Pasaka na baba ameshafika mjini na kuku wake wawili, mmoja wangu, mwingine amesema ni wako, ukija. Anakaa uani na anamchunguza kila anayefungua geti. Dagaa wamefika, wabeja, asanteni. Mchanga ulikuwemo, tena ule wa kusagika menoni. Tuliwaosha mpaka mkono ukachoka.

Mudathiri, yule mwenye duka pale stendi ya mabasi anayetupokelea mizigo, anakusalimu. Anasema barua yako ameisoma bila kuifungua bahasha, maana herufi ni kubwa kama za bango la mkutano wa hadhara. Karatasi nne, Doto, kwa maneno ambayo yangeenea kwenye pakiti ya dawa. Unadhani mimi nimekuwa kiziwi wa macho?

Sasa stendi. Mbao ni nzuri, inanukia, kila mwalimu aliyeingia ofisini ameipapasa. Na haifai. Kigogo ni kifupi. Nilisema magurudumu yawe hewani, haya yamesimama chini kabisa. Flora, msichana anayeongoza klabu, alipobonyeza swichi roboti ilishuka kutoka kwenye stendi kama mbuzi anayetoka zizini, ikafika ukingoni, akaidaka kwa sketi. Kama angekuwa amevaa nguo ya kubana leo nisingekuwa na roboti. Na hivyo vizuizi viwili, kimoja kiko mbele kuliko mwenzake. Nilidhani ni ubunifu. Nikaupima, siyo ubunifu.

Nimekasirika kidogo tu, kwa sababu ni wewe. Nakuchorea tena. Vipimo nimeviandika kwa maneno, sentimita nane, sentimita sita, asije mtu akaniambia tarakimu zangu hazisomeki. Safari hii pima taratibu. Weka redio chini.

Kuku wako tutamla, hana hatia lakini tutamla.

Kulwa


Nassa,
4 Mei 2024

Dada Kulwa,

Salamu zako nimezipata. Tu wazima wote. Nimechelewa kwa sababu ya mvua, barabara yetu ya kuingia kijijini ilikatika. Pia kidole kimefungwa kitambaa. Ni kitu kidogo. Msumeno uliteleza.

Mlango wa parokia umerudi. Wanasema hauingii. Fremu yao imepinda, mimi nimewaambia, hawataki kusikia. Yule aliyeagiza kitanda amekwenda kuagiza Lamadi. Hiari yake.

Veronica anasema mengi siku hizi. Akikupigia simu usimsikilize. Mwulize nani jana aliutambua mtumbwi wa Mabula ukiwa mbali kabisa ziwani. Ni mimi. Nilimtaja Mabula kwa jina kabla hata hajakunja tanga.

Stendi ya pili hii hapa. Kigogo ni kirefu. Ya kwangu pia nimerudia. Sasa usilalamike.

Doto


Bariadi,
18 Mei 2024

Doto,

Baba hajambo, pamba imeanza kupasuka na ameanza kulalamika kwamba imepasuka mapema. Mimi sijambo. Hizo ndizo salamu, nyingine sina.

Nalalamika. Kigogo ni kirefu, ndiyo, lakini kimeegama. Ukikiweka mezani kinasimama kama mtu anayesikiliza mlangoni. Skrubu moja imepita nje ya mbao kabisa, imechungulia upande wa pili, imemchana Flora kiganja. Tuliweka karatasi zilizokunjwa chini ya mguu mmoja ikatulia. Tukawasha roboti. Magurudumu yakazunguka hewani, wasichana wakapiga makofi, nami nikapiga makofi, na wakati tunapiga makofi stendi ikatikisika na roboti ikaanguka sakafuni.

Mota hazikufa. Sijui kwa nini hazikufa. Lakini mwili umepasuka na gurudumu la kushoto linayumba. Flora alilia, na nilimwambia asilie, halafu nikaenda kulia chooni mimi mwalimu wake. Mkuu wa shule alipita, akatazama, akauliza funguo za chumba ziko ngapi. Unaelewa maana ya swali hilo.

Habari ya mtumbwi wa Mabula inanihusu nini mimi? Nakuuliza sentimita nane, unanijibu mtumbwi. Mkeo nimempigia, nikamuuliza una nini, akasema wifi yangu, muulize mwenyewe, amenikataza. Basi nakuuliza. Kama hutaki kunifanyia kazi sema hutaki. Kama umechoka sema umechoka. Baba anauliza kama umeanza kunywa. Nimemwambia hapana, lakini nimeisema kwa sauti ndogo, kwa sababu sijui.

Wewe ndiye uliyetengeneza kabati la mama ambalo mpaka leo mlango wake unafungwa kwa kidole kimoja. Kwa hiyo usiniambie kwamba hukuona kimeegama. Sitaki barua ndefu wala herufi kubwa. Nataka neno moja, unaweza au huwezi.

Kulwa


Nassa,
2 Juni 2024

Kulwa,

Siwezi.

Bariadi kuna mafundi. Tafuta mwingine.

Sinywi. Mwambie baba.

Randa ya babu, ile ya kulainishia mbao, kuna mtu ameiulizia. Nimemwahidi nitamuuzia mwezi wa saba.

Pole kwa huyo mtoto aliyechanwa mkono.

Doto


Bariadi,
22 Juni 2024

Ndugu yangu Doto,

Barua yako nilipoisoma nilikasirika, nikaamua sitaijibu, na ningeendelea hivyo mpaka mmoja wetu azikwe. Randa ya babu. Nilikuwa nasema peke yangu jikoni, randa ya babu, randa ya babu, mpaka baba akaniuliza naongea na nani.

Sikiliza kilichotokea. Ijumaa moja nilisahau miwani yangu shuleni. Unajua nina miwani ya kusomea, mwaka wa pili sasa, walinipima pale hospitali. Jumapili nikatakiwa kumwandikia jirani ujumbe kuhusu ufunguo wa geti. Nikaishika karatasi mbali, mkono umenyooka kabisa, nikaandika kwa kukisia. Jirani akanirudishia ujumbe Jumatatu, akicheka, akasema mwalimu hii ni ya kusomwa na watu wakiwa Maswa? Wakati huo miwani nilishaichukua. Nikatazama. Doto, ulikuwa mwandiko wako. Herufi zile zile kubwa, zinazopanda juu mwisho wa mstari, na ule mkia wa "k" unaotoka nje kama mguu wa mtu aliyelala kitanda kifupi. Nikaleta barua zako nikaziweka kando yake. Mtu asiyetujua angesema zote kaandika mmoja.

Nikakaa chini. Mchoro wa sisimizi. Mchanga usioonekana kwenye dagaa. Simu inayopokelewa na Veronica kwa sababu wewe huoni nani anapiga. Mlango wa parokia. Kidole. Na Mabula wako na mtumbwi wake, ndiyo, uliuona, kwa sababu uko mbali. Mimi pia naona mbali. Ninaweza kukutajia mbuzi wa nani yuko kilima cha pili. Kilichonishinda ni sindano na uzi.

Mimi ni mwalimu, Doto, nafundisha lenzi kila mwaka, nawachorea watoto jicho zima ubaoni. Na wewe ni mjinga. Nimekaa nikitafuta neno jingine la heshima, sijalipata. Unasukuma msumeno ambao huyaoni meno yake, una vidole kumi, una watoto, na unaona afadhali uuze randa kuliko kusema neno moja kwa dada yako. Nimekasirika kuliko nilipoandika mwezi wa tano. Wakati ule nilikasirika kwa ajili ya roboti.

Ndani ya boksi hili, kwenye soksi ya kijani, kuna miwani. Ni sawa na yangu, rangi ile ile, nguvu ile ile. Nilipoichukua dukani yule binti aliniuliza kwa nini nanunua ya pili wakati ya kwanza ninayo usoni. Nikamwambia kwetu haiingii nyumbani moja. Siyo hisani, kwa hiyo usiirudishe. Ungekuwa nayo tangu mwaka juzi kama mama angekuwepo, maana asingekubali mimi nitoke hospitali na moja. Ukishaona imekusaidia nenda ukapimwe mwenyewe, pengine jicho lako moja ni baya kuliko langu.

Najua utakachosema. Utasema fundi akivaa miwani watu watasema amekwisha. Sasa hivi wanasemaje, mlango wa parokia ukiwa umeegemea ukuta wako?

Mwili wa roboti tumeugundisha, gurudumu limenyooka. Mchoro wa stendi nimekuwekea tena. Ni ule ule mdogo. Sichori mwingine.

Maonyesho ni tarehe ishirini Julai.

Kulwa


Nassa,
6 Julai 2024

Dada Kulwa,

Mwangaluka. Baba salamu zake nimezipata kupitia kwa kondakta, kwamba anataka kujua nani mjinga, maana umeliandika neno hilo huku ukilisema kwa sauti. Mwambie ni mimi.

Utaona naandika upande mmoja wa karatasi moja na nafasi imebaki. Usinisimange.

Miwani yako ilipofika niliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, ndani ya soksi yake. Ikakaa hapo. Sikuwa na nia ya kuigusa. Veronica akawa anafagia tu pale chini ya msumari kila asubuhi, mahali ambapo hapana uchafu. Siku ya gulio alipotoka, nikafunga mlango wa karakana kwa komeo, nikavaa.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mikono yangu. Kulwa, mikono yangu imejaa makovu madogo ambayo siyajui. Nikachukua futi, mistari yote ilikuwepo, hata ile midogo katikati ambayo nilishaamini imefutika kwa uzee wa futi. Nilikuwa nimepanga kununua futi jipya.

Halafu nikatoa stendi zangu mbili chini ya benchi, zile ndugu za zako. Nilizitazama. Kwa nini hukuniambia ni mbaya kiasi hiki? Najua uliniambia. Ulisema imeegama kama mtu anayesikiliza mlangoni. Lakini uliniambia kwa maneno ya kistaarabu mno. Ile skrubu imechungulia kama jino la nguruwe. Mimi nilipeleka kitu kile kwa watoto wa shule, kwa jina langu, kikamchana binti wa watu. Nimezipasua zote mbili, Veronica amepikia ugali.

Nitakwambia jambo moja na usilijibu. Niliogopa. Kila asubuhi nilikuwa naingia karakana kama mtu anayeingia nyumba ya anayemdai. Nilikata kwa mazoea ya mkono, na mkono ukaanza kunidanganya, na nilifikiri ndivyo fundi anavyokufa, taratibu, akiwa amesimama. Baba yake mzee Luhaga aliishia hivyo, unakumbuka, alikuwa anakaa mbele ya karakana yake anachonga mwiko ambao haukuisha. Niliona heri niuze randa watu waseme Doto ameacha, kuliko waseme Doto ameshindwa. Sasa nimemfuata yule mtu nikamwambia randa haitoki. Amekasirika. Akasirike.

Mlango wa parokia niliubeba juzi. Fremu yao haikupinda. Nilipunguza upande wa bawaba, nikauweka, padri akaufunga na kuufungua mpaka nikamwomba aache. Aliitazama miwani, akasema sasa una sura ya mwalimu. Tangu hapo kijiji kizima kinaniita Mwalimu. Wewe umesoma miaka yote hiyo kupata jina hilo, mimi nimelipata kwa kutundika vioo puani.

Stendi yako iko kwenye boksi, nimeifunga kwa khanga ya Veronica, uirudishe. Kigogo sentimita nane. Upana sita. Vizuizi vinaangaliana. Nimeiweka juu ya kioo cha dirisha, haitikisiki, nikaipiga ngumi, haitikisiki. Kona nimezilainisha zote kwa msasa kwa ajili ya mkono wa huyo Flora. Hakuna nakshi.

Yangu nayo nimetengeneza. Nitakuja tarehe ishirini.

Wabeja, Kulwa. Sijui neno jingine.

Doto


Bariadi,
27 Julai 2024

Ndugu yangu Doto,

Baba yuko kwenye kile kiti chake uani, anakulalamikia, mzima kabisa. Pamba imenunuliwa. Anasema bei ni mbaya, na safari hii anasema kweli.

Hukuja. Nilikuwekea kiti mstari wa mbele, kati ya baba na mke wa mkuu wa shule. Nilikiwekea mkoba wangu watu wasikichukue. Kila basi likipiga honi kule barabarani baba alikuwa anageuza shingo. Nilipokupigia alipokea Veronica. Nikasema sitaki kusikia, nikakata.

Basi nikusimulie kwa barua, kama ulivyozoea. Wiki mbili nzima roboti ilikaa juu ya stendi yako. Wasichana waliijaribu asubuhi na jioni, magurudumu yakizunguka hewani, wakagundua kwamba la kushoto lilikuwa linakimbia kuliko la kulia, ndiyo maana ilikuwa inakimbilia ukingoni siku zote. Kwa muda wote tulikuwa tunalaumu meza. Wakarekebisha. Haikuanguka hata mara moja.

Siku yenyewe tulipanda miche ya pamba kwenye makopo, mistari miwili ukumbini. Flora akabonyeza. Roboti ikaenda. Ikaenda katikati, polepole, bila kugusa jani, ikamaliza mstari na ikaendelea kwa sababu hatukuiambia ikifika mwisho ifanye nini. Ikaingia chini ya meza kuu na kusimama kwenye kiatu cha mgeni rasmi. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mgeni akainama, akaiokota mwenyewe, akataka kujua inakaa wapi tunapoijaribu. Nikamwonyesha stendi. Akaisukuma kwa kidole, akauliza nani katengeneza. Nikasema Doto. Akasema, na Kulwa yuko wapi? Nikamwambia ndiye mimi. Akacheka, akamgeukia mkuu wa shule, akamwambia chumba cha wasichana hawa kisiguswe. Mkuu akasema hakuna aliyewahi kufikiria kukigusa.

Kwa hiyo tumepata, na nilifurahi, na katikati ya furaha nilitazama kile kiti chenye mkoba nikakasirika upya. Nataka sababu. Na sitaki kusikia habari za mtumbwi.

Khanga ya Veronica iko kwenye boksi, nimeifua.

Kulwa


Nassa,
10 Agosti 2024

Dada Kulwa,

Mwadila. Nakuandikia jioni, vumbi la mbao bado liko kwenye miwani. Huku tu wazima wote, na ziwa limeanza kurudi mahali pake.

Sababu ni milango. Baada ya ule wa parokia, shule ya msingi wameagiza, halafu zahanati, halafu yule wa kitanda amerudi kutoka Lamadi na kitanda kinacholia kila akigeuka, anataka nikinyamazishe. Tarehe ishirini nilikuwa nimevaa shati jeupe, Veronica shahidi, gari lililoleta mbao likaingia na dereva hakutaka kusubiri. Nikasema nitawahi basi la pili. Sikuliwahi. Nilikaa kwenye mbao na shati langu jeupe nikajitukana, na baadaye nikaanza kukata kwa kuwa nilikuwa pale tayari. Mwambie baba kosa nalijua.

Barua yako nimemsomea Veronica, mimi ndiye niliyesoma. Ile sehemu ya kiatu ameniomba nirudie.

Sasa na mimi nina lalamiko. Stendi yako ina roboti. Yangu iko hapa dirishani, imenyooka, sentimita nane kwa sita, haijawahi kubeba kitu. Wateja wananiuliza ni ya nini. Nikiwaambia ni ya roboti wanauliza roboti iko wapi. Jana nimemkuta Veronica ameweka vitunguu juu yake. Wewe ukanunua miwani ya pili bila kuambiwa, nikadhani umekumbuka tulivyolelewa. Kumbe umekumbuka nusu.

Nafunga karakana kuanzia Jumamosi ijayo, nimeandika ubaoni mlangoni kwa herufi ndogo. Nakuja na basi la asubuhi, na stendi yangu nimeipakata. Mwambie Flora aandae mota na nyaya, na anipe kiti karibu na dirisha, penye mwanga. Sitaondoka Bariadi nayo ikiwa tupu.

Doto